Kinga ya Kioo cha Maji

Skelhope, Durham
6 Mei 1984

Dada Thirza mpendwa,

Natumaini barua hii inawakuta wazima huko Bendigo, na kwamba goti la shemeji Keith limeacha kumsumbua. Sisi huku tupo. Nasema sisi kwa mazoea tu, maana nimebaki peke yangu. Kaburi la Doreen limeshawekwa jiwe. Bi Peart wa jirani ananiletea mkate wa bapa na njegere za kupondwa kila Alhamisi, nami namrudishia sahani imeoshwa, anadhani nakula. Nakula, ila nikitafuna ni kama natafuna gazeti. Usianze kuhangaika. Siumwi, wala silii. Sijambo tu.

Kiwanda cha mabehewa kinafungwa mwezi ujao na sisi wote tunatolewa. Wachimba makaa nao wako kwenye mgomo tangu Machi. Wanaume wamejaa barabarani mchana kutwa mikono mifukoni.

Basi nimejitafutia kazi. Naunda garimoshi la Baba, Dada. Namba 2318, kichwa na behewa lake la makaa, kwa shaba ya njano, nusu inchi kwa kila futi. Likiisha litakuwa na urefu wa mkono wangu kutoka begani hadi kwenye vidole. Sinunui kipande kilichotengenezwa na mtu mwingine. Nina bati la shaba, msumeno mwembamba, tupa, lehemu na ile mashine ndogo ya kukerezea niliyonunua Doreen akaninunia wiki mbili.

Nina ombi moja. Ile picha uliyompiga Baba akiwa kwenye kibanda cha dereva, Jumapili kabla ya ajali, unayo? Nataka kuona kioo cha kupimia maji.

Ndugu yako,
Cuthbert


Bendigo
30 Mei 1984

Cuddy mdogo wangu,

Tumeipata barua yako na tumefurahi, ingawa Keith anasema unaandika kama mtu anayejaza fomu. Goti lake bado, na mdomo wake ndio kwanza unazidi. Huku baridi imeingia. Wajukuu wana mafua wote wawili, na mbwa amekula kiatu changu cha kanisani, cha kushoto, kwa hiyo Jumapili nimesali nikiwa na viatu vya bustani. Mchungaji alijifanya hakuona.

Kula, Cuddy. Weka chumvi. Doreen, Mungu amrehemu, alikuwa anapika bila chumvi, nilimwandikia hivyo hata mlipooana.

Kuhusu hilo garimoshi: mbona usiunde meli? Au lile garimoshi la kwanza kabisa, lenye bomba refu, ambalo kila mtu analiunda? Ya nini kujitesa na 2318? Baba aliunguzwa na mvuke ndani ya kile kibanda, akalala hospitali siku nane, akafa. Mimi ndiye niliyekaa naye siku zote nane. Sioni haja ya kukitazama tena kile kibanda, hata kikiwa kidogo kama kibiriti.

Picha sinayo. Ilipotea tulipohama nyumba.

Dada yako,
Thirza


Skelhope
22 Juni 1984

Dada mpendwa,

Asante kwa barua. Pole na kiatu. Liki zangu bustanini, hivi vitunguu vya shina refu jeupe, zinanenepa vizuri, Bi Peart anasema mwaka huu nitachukua kombe. Nimemwambia sawa. Zamani ningeruka ruka.

Umeuliza mbona 2318. Nitakujibu kwa namna ya wenzangu wa chama cha waunda mifano. Kwetu, huundi garimoshi hivi hivi. Unaunda garimoshi la siku fulani. Maana lilikuwa likibadilishwa boila, bomba, taa, hata behewa la makaa, na lile la mwezi wa tano si lile la mwezi wa tisa. Kwa hiyo unachagua tarehe, unaichonga chini, mahali pasipoonekana, na siku ya mashindano msimamizi anakuja na lenzi yake kukuhukumu kwa tarehe hiyo. Msimamizi wetu ni mzee Clem Tinkler. Mwaka jana alimkata mtu alama kwa ribiti moja iliyozidi. Moja! Yule mtu alihesabu upya mbele yetu, akakuta mzee kasema kweli, akaenda kukaa ndani ya gari lake.

Mimi nimechonga 14 Novemba 1951, Jumatano. Siku ya ajali.

Fremu imekamilika na magurudumu yanazunguka. Wiki iliyopita nilifanya kosa la mtoto. Nililehemu bomba la mvuke kwa moto mkali baada ya kulehemu mlango wa sanduku la moshi, badala ya kuanza na moto mkali na kumalizia na mdogo. Nikasikia ting, ting, ting. Ribiti za wiki nzima zinadondoka mezani. Miaka thelathini na tano mikononi mwa chuma, halafu kosa hilo. Nilikaa nikizitazama. Nilingoja nikasirike. Hasira haikuja, nikaziokota.

Ile picha itafute tena, Dada. Kwenye masanduku, kwenye Biblia ya Mama. Wewe hupotezi kitu. Hata risiti za 1946 unazo.

Cuthbert


Bendigo
9 Septemba 1984

Cuddy,

Nisamehe nimekawia. Keith alifanyiwa upasuaji wa goti, na baada ya hapo nilikuwa na hili na lile. Sasa anatembea na fimbo kama askofu na anataka chai kila baada ya dakika kumi.

Picha hii hapa. Ilikuwa kwenye Biblia ya Mama, kama ulivyosema. Usiniulize kwa nini nilisema imepotea.

Badilisha tarehe, mdogo wangu. Chonga 1949, siku ile alipovuta treni ya kwenda ufukweni na watoto wote wa shule ya Jumapili, garimoshi limepambwa bendera, ukatapika kwenye kofia ya Norman Stobbs, na wewe ukiwa mtu mzima wa miaka kumi na saba. Ile nayo ni siku. Hukumu ya mzee wako Tinkler itakuwa ile ile.

Wako,
Thirza


Skelhope
3 Oktoba 1984

Dada,

Picha imefika salama. Liki zimepata nafasi ya pili, kombe limechukuliwa na polisi mstaafu.

Nimeitazama kwa lenzi siku tatu. Upande wa kioo cha maji kuna giza, hakuna linaloonekana. Ninachokiona ni Baba tu. Mbona amekunja macho namna ile? Siku ile hakukuwa na jua, nakumbuka tulirudi kanisani tukiwa tumelowa.

Sasa nakuambia ninachokitafuta. Sijamwambia mtu, Doreen aliondoka bila kujua.

Unajua kioo cha kupimia maji ni mrija wa kioo tu, na ndani yake mna maji ya boila yanayochemka kwa nguvu zote. Ukipasuka, mvuke wote unamwendea aliye mbele yake. Ndiyo maana unawekewa kinga, fremu ya shaba yenye vioo vinene pande tatu. Asubuhi ya tarehe 14 nilikuwa mwanagenzi wa fundi kwenye banda la injini, miaka kumi na tisa. Injini kumi na moja zilikuwa zinanisubiri. Nilibadilisha mrija wa 2318. Kinga yake ya zamani ilikuwa imevunjika, nikachukua mpya stoo. Saa nne mrija ule ukapasuka usoni mwa Baba, na kinga haikuwepo. Haikuonekana kibandani, wala bandani, wala reli nzima walipotafuta.

Kwenye uchunguzi wa kifo waliniuliza, "Uliifunga?" Nikasema, "Nimeifunga." Nilisema kwa sauti kubwa hata Mama alinishika mkono. Wakaandika kwamba haikujulikana kinga ilienda wapi.

Dada, sikumbuki. Nakumbuka kuibeba kutoka stoo. Nakumbuka mtu akiniita. Baada ya hapo sina kitu. Nimerudi pale kila siku kwa miaka thelathini na mitatu na sijawahi kujiona nikikaza nati. Niliacha boila, nikahamia mabehewa ya mizigo kwa sababu behewa haliui mtu likiwa limesimama. Doreen alitaka watoto. Nilimwambia sitaki, basi. Ningemwambia nini? Mtu aliyemuua baba yake, yeye awe baba wa nani? Alilia mwaka mzima kisha akanyamaza, na mimi nikanyamaza, na tukaishi hivyo vizuri tu.

Garimoshi limekwisha lote. Limebaki tundu moja la bolti pale kwenye kioo. Ama naweka kinga ama siweki. Ndiyo hayo tu.

Cuthbert


Bendigo
21 Oktoba 1984

Cuddy, Cuddy wangu,

Leo hakuna habari za goti wala za mbwa. Nimekaa jikoni, Keith nimemfukuza aende kuvua samaki na fimbo yake.

Uliifunga. Baba ndiye aliyeifungua.

Ngoja nikueleze yote, nikisimama sitaanza tena. Macho ya Baba yalikuwa yanaharibika tangu 1948. Unakumbuka nilivyokuwa nikimsomea gazeti, nanyi mnadhani ni kwa kuwa nasoma kama mhubiri? Alikuwa haoni herufi. Madereva walikuwa wakipimwa macho, na akishindwa anashushwa, anapewa ufagio wa kufagia banda alilotokea akiwa dereva. Baba yetu, na ufagio! Alisema afadhali afe.

Mimi nilikuwa karani kwa daktari aliyekuwa akiwapima. Chati ya herufi ilikuwa ukutani juu ya kichwa changu. Niliinakili. Nikamfundisha pale bustanini, kati ya matuta ya liki, mstari kwa mstari, mpaka akaijua kama Baba Yetu Uliye Mbinguni. Alipimwa mara mbili, akafaulu mara mbili. Daktari alimsifu.

Lakini maji ya boila hayana mstari wa kukariri. Kupitia vile vioo vinene, vikiwa na moshi na mafuta, alikuwa haoni maji yamefika wapi. Kwa hiyo kila wakitoka bandani anafungua kinga, anaiweka chini ya kiti, na wakikaribia kurudi anaifunga tena. Norman Stobbs, mtia makaa wake, alikuwa akijua. Siku ile, baada ya ajali, Norman aliitia kinga kwenye kisanduku cha chakula cha Baba, akakileta hospitali, akanipa. Hakusema mpaka alipokufa.

Baba aliniambia mwenyewe siku ya tatu. Akaniapisha. "Wasijue macho. Niache niende nikiwa dereva." Mimi nikaapa. Nilifikiri ninamlinda. Na nilikuwa najilinda pia, Cuddy, kwa sababu mimi ndiye niliyempandisha kwenye lile garimoshi akiwa kipofu. Miezi minne baadaye nikaolewa na mtu wa kwanza mwenye tiketi ya Australia. Bahati yangu alikuwa mtu mwema.

Juu yako nilifikiri wewe umesahau. Ulisema "nimeifunga" kwa sauti ile, nikajua una hakika. Naapa sikujua. Ningejua ningevunja kiapo siku hiyo hiyo. Nasema hivyo sasa, na wewe una haki ya kutoniamini.

Kinga ninayo. Imekaa kwenye sanduku langu la nguo chini ya mablanketi miaka yote. Kesho naituma kwa meli. Ndege ingeifikisha kwa wiki mbili, nami siwezi kuiacha ikufikie haraka hivyo. Mimi ni mwoga, unaona.

Thirza


Skelhope
12 Novemba 1984

Dada,

Barua imefika. Nimeisoma mara moja.

Wewe ulifundisha shule ya Jumapili miaka sita, unajua kumtungia mtu hadithi alale. Labda unanifariji tu. Sina namna ya kujua.

Na kama ni kweli, miaka thelathini na mitatu, Thirza. Kadi ya Krismasi kila mwaka, na picha za wajukuu. "Na nyie, mtapata lini?" uliandika, mwaka 1958. Doreen aliisoma ile kadi kwa sauti mezani.

Usiandike kwanza.

C.


Bendigo
16 Desemba 1984

Cuddy,

Nimeandika, nipige. Nakumbuka ile kadi. Tangu barua yako sijakumbuka kitu kingine.

Meli imepita Singapore, wameniambia posta.

Kula Krismasi.

T.


Skelhope
24 Februari 1985

Dada Thirza mpendwa,

Natumaini mu wazima, na shemeji ameshaitupa fimbo. Theluji huku imefika kwenye madirisha. Wachimba makaa wanaanza kurudi kazini mmoja mmoja, wanapita vichwa vimeinama, hakuna anayemtazama mwenzake.

Kifurushi chako kilifika tarehe 29 Januari. Mwanamke wa posta aliuliza, "Cuddy, umetumiwa matofali?" Nilikiweka mezani, sikukifungua siku nne. Nilikuwa nakizunguka na kikombe cha chai.

Nikakifungua.

Sasa nakuambia jambo ambalo wewe hukulijua, wala Baba, wala wale wa uchunguzi hawakuuliza. Bandani kwetu kila mwanagenzi alikuwa na alama yake. Msimamizi wa banda alikuwa mkali kama pilipili: ukifunga kitu, unakaza nati, unaikagua, halafu ndipo unagonga alama kando ya bolti kwa ncha ya chuma. Ukigonga kabla ya kukaza, anakuvuta sikio mbele ya watu wote. Alinivuta mara moja, wiki yangu ya kwanza, na sikurudia. Alama yangu ilikuwa vitone vitatu. Na ile kinga ilikuwa mpya, imetoka stoo asubuhi ile, haikuwa imeguswa na mkono wa mwanagenzi mwingine.

Nimeisafisha kwa siki na chumvi. Kando ya tundu la chini vipo, vitatu, vimenyooka. Nilivigusa kwa kucha.

Niliifunga, Dada. Bado sikumbuki, lakini niliifunga.

Nilingoja nifurahi. Niseme kweli, haikuja furaha. Nilikaa jikoni mpaka Bi Peart akagonga mlango na sahani yake, akaniangalia, akasema, "We Cuddy, umefiwa tena?" Nikamwambia hapana. Baadaye nilikwenda kwa Doreen nikamweleza yote nikiwa nimesimama kwenye theluji, kuanzia chati ya herufi. Kwake ndiko nilikokuwa na deni la kusema, na nimechelewa mwaka mmoja. Hilo hatutalirekebisha, wewe wala mimi. Nimekukasirikia na bado nimekukasirikia. Naandika ili ujue, na ili ujue pia kwamba naandika.

Kisha nikakata kona ya ile kinga kwa msumeno, kipande kidogo, mbali na vitone. Nikakitia tupa siku tano. Nimeunda kinga kama punje ya mchele, na vioo vyake vitatu nimevikata kwenye kioo cha saa ya Doreen iliyosimama.

Tarehe sikubadilisha.

Mashindano yalikuwa jana, kwenye ukumbi wa kanisa. Mzee Tinkler aliinama na lenzi yake dakika arobaini. Ribiti zote ziko sawa. Taa, sawa. Bomba, sawa. Akafika kibandani, akakaa hapo, akanyanyua kichwa.

"Cuddy, kinga ya kioo cha maji haipo. Nakukata alama mbili."

"Ipo," nikasema.

"Iko wapi? Bolti hii hapa, tupu. Mimi si kipofu."

"Anayo dereva."

Alidhani namtania. Watu wakacheka, na mimi nilicheka nao kidogo. Amenikata alama zake mbili na nimepata nafasi ya tatu. Hakutazama chini ya kiti, Dada. Kuna kisanduku cha chakula pale, cha shaba, kina kifuniko kinachofunguka kwa ncha ya sindano. Imo humo. Baba alitaka watu wasijue, na hawajui. Sisi wawili tunajua.

Niliporudi nyumbani nilikaanga mayai mawili. Nilizidisha chumvi, nikatema tonge la kwanza kwenye sinki, nikasimama pale nimeshika kijiko. Ilikuwa chumvi kali kweli kweli. Nimeisikia.

Garimoshi liko mezani pa mbele, sikuliwekea sanduku la kioo. Njoo ulione. Hujakanyaga hapa tangu 1952, nauli utajua wewe na Keith, kitanda kipo. Na ukija usisahau miwani, maana hicho kisanduku ni kidogo sana.

Ndugu yako,
Cuthbert